Lugha ya Usalama na Afya ya Akili katika Maeneo ya Ujenzi Afrika Mashariki: Kutoka "Kuwa na Mawazo" hadi "Sonona"

Ikisiri

Sekta ya ujenzi katika nchi za Afrika Mashariki hutazamwa zaidi kwa jicho la uhandisi, uchumi na ajali za kimwili. Hali ya akili ya mtu anayebeba karai la zege hutajwa kwa nadra. Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya afya ya akili na usalama wa wafanyakazi wa ujenzi, na kuonyesha kwamba lugha ni mojawapo ya vikwazo na pia mojawapo ya nyenzo katika uhusiano huo. Hoja kuu ni kwamba katika eneo la ujenzi zipo sajili tatu zisizokutana: sajili ya amri za usalama, sajili ya istilahi za kitabibu, na sajili ya mfanyakazi mwenyewe, ambaye husema tu kwamba "ana mawazo". Makala yanajenga hoja hiyo kutokana na sheria za kazi, mikataba ya kimataifa, machapisho ya afya ya jamii na matumizi ya kawaida ya Kiswahili na lugha jirani. Mwisho yanapendekeza namna ambavyo Kiswahili, kikiwa lugha ya mawasiliano ya mafundi na vibarua wa nchi kadhaa, kinaweza kuziunganisha sajili hizo bila kumfedhehesha mfanyakazi na bila kumwondolea mwajiri wajibu wake.

Maneno muhimu: afya ya akili, usalama kazini, ujenzi, sajili, istilahi, unyanyapaa

1.0 Utangulizi

Kwenye ukuta wa mabati unaozungushiwa majengo yanayoinuka katika miji ya Afrika Mashariki, maneno "Usalama Kwanza" ni ya kawaida kama kokoto. Chini yake huchorwa kofia ngumu, buti na glavu. Michoro hiyo ina kazi yake, kwani imemfundisha kila apitaye kwamba kichwa kinaweza kupasuliwa na tofali. Hata hivyo, inakikinga kichwa kwa nje tu. Yale yanayotendeka ndani ya kichwa hicho, kama vile hofu, uchovu, huzuni na kumbukumbu ya mwenzake aliyeanguka wiki iliyopita, hayana mchoro wala neno ukutani.

Ukimya huo una sababu nyingi. Zipo za kiuchumi, kwa kuwa kazi ya ujenzi hulipwa zaidi kwa siku. Zipo za kijinsia, kwa kuwa kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya wanaume na mwanamume hutarajiwa ajikaze. Zipo pia sababu za kilugha, na hizi ndizo zinazoshughulikiwa zaidi hapa. Mhandisi huweza kufikiri kwa Kichina, Kituruki au Kiingereza. Mpango wa usalama huandikwa kwa Kiingereza. Msimamizi hutoa amri kwa Kiswahili. Na vibarua huzungumza wao kwa wao kwa lugha ya mji au ya kijiji walikotoka. Ujumbe kuhusu nondo na zege huvuka ngazi hizo, ijapokuwa kwa taabu. Ujumbe kuhusu moyo uliolemewa huvunjika katika ngazi ya kwanza.

Suala hili linazihusu nchi jirani kwa pamoja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua uhuru wa nguvukazi kuvuka mipaka. Miradi yenyewe pia imevuka mipaka: bwawa la umeme la Rusumo, lenye uwezo wa megawati 80, ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Tanzania; bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga lina urefu wa kilometa 1,443. Katika maeneo kama hayo Kiswahili ndicho kinachoweza kumfikia fundi kutoka Gitega na mwenzake kutoka Mbeya kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, swali la namna Kiswahili kinavyozungumzia akili ya mfanyakazi ni swali la usalama wa kikanda.

2.0 Afya ya Akili kama Suala la Usalama

Mazoea huiweka afya ya akili upande wa hospitali na usalama upande wa ujenzi. Mgawanyo huo haukubaliani na hali halisi. Mambo hayo mawili yanaungana kwa njia tatu.

Njia ya kwanza inatoka akilini kwenda kwenye ajali. Miongoni mwa dalili zinazotambulika za sonona na wasiwasi uliozidi ni kukosa usingizi, kupungua kwa umakini, uzito wa kufanya uamuzi na kupoteza hamu ya kujitunza. Mtu anayefanya kazi mezani akiwa na dalili hizo huharibu hesabu, kisha akairudia. Anayefanya kazi kwenye mirunda ya ghorofa ya tano husahau kufunga ndoana ya mkanda wa usalama, hukanyaga ubao usiopigiliwa misumari, au huchelewa kusikia king'ora cha lori linalorudi nyuma. Kosa lile lile la sekunde mbili hupewa bei tofauti na mahali linapotendeka.

Njia ya pili inatoka kwenye ajali kwenda akilini. Aliyenusurika, aliyeshuhudia na aliyefukua kifusi kwa mikono yake huweza kubaki na kiwewe: picha ya tukio hurudi bila kuitwa, usingizi hukatika, na mlio wa mashine humshtua mtu aliyeuzoea kwa miaka. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeyatambua matatizo ya akili na tabia, ukiwamo msongo unaofuata tukio la kutisha. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha ya eksirei. Kiwewe huonekana tu kwa mtu anayejua la kuuliza.

Njia ya tatu ni ya chanzo kimoja chenye matunda mawili. Saa ndefu, haraka ya kumaliza kazi, malipo yasiyotabirika na matusi ya msimamizi huongeza ajali na huongeza dhiki kwa pamoja. Hapa haifai kuuliza lipi lilitangulia, kwa sababu yote mawili yanaota kwenye mzizi mmoja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na ILO, katika machapisho yao ya mwaka 2022, yalikadiria kuwa asilimia 15 ya watu wazima wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili mwaka 2019, na kwamba siku za kazi zipatazo bilioni 12 hupotea kila mwaka kutokana na sonona na wasiwasi. Kwa upande wa ujenzi, nchini Marekani kituo cha taifa cha udhibiti wa magonjwa kilionyesha kuwa mwaka 2016 kiwango cha kujitoa uhai miongoni mwa wanaume wa kazi za ujenzi na uchimbaji kilikuwa 49.4 kwa kila watu 100,000, ilhali kwa wanaume wote wenye kazi kilikuwa 27.4. Nchini Uingereza, uchambuzi wa takwimu za 2011 hadi 2015 uliwaweka vibarua wa ujenzi miongoni mwa makundi yenye hatari kubwa kuliko wastani wa wanaume wa nchi hiyo. Australia nayo ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao MATES in Construction, ambao huwafunza wafanyakazi kumtambua mwenzao aliyelemewa na kumfikisha panapotolewa msaada.

Takwimu hizo hazipaswi kuhamishiwa Afrika Mashariki kama zilivyo. Zinatoka katika mifumo ambayo kazi ya marehemu huandikwa kwenye cheti cha kifo na sababu ya kifo hutajwa kwa jina lake. Funzo lake kubwa kwa ukanda huu ni kwamba kisichotajwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiwekewi bajeti. Tatizo la takwimu, kwa sehemu yake, ni tatizo la lugha.

3.0 Mazingira ya Kazi na Vyanzo vya Dhiki

Ili kuelewa dhiki ya mfanyakazi wa ujenzi, ni lazima kuelewa ngazi anayosimama. Mwenye mradi humpa kazi mkandarasi mkuu. Mkandarasi mkuu huigawa kwa wakandarasi wadogo. Hao huwatafuta mafundi. Fundi huja na saidia fundi wake. Na kibarua husimama getini alfajiri akisubiri kuchaguliwa. Majina ya ngazi hizi yameenea mno katika ukanda. Neno "fundi" limeingia katika Kinyarwanda na Kirundi kama umufundi, na msaidizi wake huitwa umuyede, neno lenye asili ya Kifaransa. Kila ngazi ikishuka, fedha hupungua, mkataba hufifia na hatari huongezeka. Anayebeba hatari kubwa zaidi ndiye asiye na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alikuwapo kazini.

Chanzo cha kwanza cha dhiki ni kutojua kesho. Kibarua anayelipwa kwa siku hana siku ya ugonjwa. Mvua ya masika ikisimamisha umwagaji wa zege, jikoni nako husimama. Mkandarasi mdogo akichelewa kulipwa na wa juu yake, humchelewesha wa chini yake, na deni la mama lishe hukua kila mchana. Mtu huyu anapopanda jukwaani hapandi peke yake. Hupanda na kodi ya chumba, karo ya mtoto na simu ya kijijini aliyokosa la kuijibu.

Chanzo cha pili ni umbali. Ujenzi wa barabara, reli na mabwawa huwahamisha wanaume hadi kambini kwa miezi mingi. Kambini hupungua mambo yanayomshikilia mtu: mke au mume, wazazi, jumuiya ya ibada, majirani wanaojua sura yake ya kawaida na ambao wangegundua kwamba imebadilika. Pombe kali ya bei nafuu hujaza nafasi hiyo. Humpa mtu usingizi usiku na humrudisha kazini asubuhi akiwa na mikono inayotetemeka, hivyo dawa ya dhiki hugeuka kuwa chanzo kipya cha ajali.

Chanzo cha tatu ni mwili wenyewe. Joto, vumbi la saruji, kelele za mashine za kuchanganyia zege na maumivu ya mgongo yasiyotibiwa humchosha mtu hatua kwa hatua. Maumivu ya muda mrefu na huzuni ya muda mrefu hutembea pamoja. Kwa wanawake wanaobeba maji, mchanga na matofali huongezeka jambo la nne: maneno na vitendo vya udhalilishaji. Mkataba wa ILO Na. 190 wa mwaka 2019 umeyatambua hayo kuwa ni ukatili na unyanyasaji kazini.

Juu ya vyanzo hivyo vya kila siku husimama maafa. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Mwaka 2004, jengo la hoteli lililokuwa likijengwa Bwebajja, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, liliua watu 11. Mei 2013, jengo liliporomoka Nyagatare, kaskazini-mashariki mwa Rwanda, na kuua watu 6. Baada ya maafa ya namna hii maswali huulizwa kuhusu uimara wa zege, vibali na idadi ya ghorofa zilizoongezwa. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini yapo mengine. Waliofanya kazi jana yake katika jengo hilo walikwenda wapi? Ni nani aliyewauliza kama wanalala? Wangapi walirudi kwenye jukwaa lingine wiki hiyo hiyo kwa sababu njaa haikungoja?

4.0 Lugha ya Dhiki

4.1 "Nina mawazo"

Katika Kiswahili cha kila siku, neno "mawazo" lina kazi mbili. Kwa maana yake ya kwanza ni fikra au maoni. Kwa maana ya pili, linapofuata kitenzi cha kumiliki, ni mzigo: "ana mawazo" haimaanishi kwamba mtu huyo ana maoni mengi, bali kwamba kuna jambo linalomla ndani. Usemi huo una faida tatu. Haumfedhehi asemaye. Hautaji ugonjwa. Na unaelekeza kwenye chanzo, kwa kuwa mawazo ni lazima yawe ya jambo fulani: mawazo ya deni, ya mgonjwa, ya kazi.

Faida hizo hizo ndizo hasara zake. Kwa kuwa kila mtu ana mawazo, asemaye hivyo hujibiwa "ndiyo maisha" au "tuko pamoja", na mazungumzo huishia hapo. Semi nyingine huyapeleka maumivu mwilini: "kichwa kinagonga", "moyo mzito", "mwili umekufa ganzi", "sina nguvu". Msimamizi anayesikia hayo humtuma mfanyakazi akanunue dawa ya maumivu. Dawa hiyo haifiki panapouma.

Kando ya semi hizo ipo lugha ya uvumilivu. "Jikaze", "mvumilivu hula mbivu" na "kazi ni kazi" ni kauli zilizowasaidia wengi kuvuka siku ngumu, na hazistahili kubezwa. Tatizo hutokea zinapotumiwa kama jibu la pekee. Kiswahili chenyewe kina methali inayozisahihisha: mficha maradhi kifo humuumbua. Hekima ya lugha haiko upande mmoja. Ni suala la kuchagua ni methali ipi inayosemwa jukwaani.

4.2 Ushahidi kutoka lugha jirani

Hali hii haiko katika Kiswahili peke yake. Kabla ya kujaribu tiba ya sonona kwa njia ya vikundi katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, Paul Bolton na wenzake waliwauliza wanajamii wataje matatizo yao kwa maneno yao wenyewe. Walipata istilahi mbili za Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Dalili zilizoelezwa chini ya maneno hayo zilikaribiana na zile za sonona. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2003, lilionyesha kuwa vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo viliweza kupunguza dhiki kwa kiasi kikubwa. Nchini Rwanda, agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi, ndilo jina linalotumika kwa sonona, na neno ihahamuka linabeba kiwewe. Nchini Zimbabwe, Kishona kina kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, neno lililo karibu sana na "kuwa na mawazo" kwa Kiswahili. Mpango wa mabenchi ya urafiki, ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ulijengwa juu ya neno hilo: bibi aliyepewa mafunzo huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kupambanua tatizo moja baada ya jingine.

Funzo la mifano hii ni moja. Huduma haikuanza kwa kuwafundisha watu istilahi mpya. Ilianza kwa kulikuta neno walilokuwa nalo, kisha ikalifungulia mlango.

4.3 Istilahi rasmi na mkanganyiko wake

Kiswahili kimekwisha kupiga hatua katika kuunda istilahi. "Sonona", lenye uhusiano na kitenzi sononeka, limekubalika nchini Tanzania. Nchini Kenya husikika pia "unyogovu" na "mfadhaiko". "Msongo wa mawazo" hutumika mara kwa shinikizo la kawaida, mara kwa sonona yenyewe. "Wasiwasi" ni hali ya kawaida ya binadamu na pia ni jina la ugonjwa. Kwa mfasiri wa bango au wa mwongozo wa kambi, mkanganyiko huu si wa kinadharia. Mfanyakazi akiambiwa kwamba "msongo wa mawazo ni ugonjwa", huenda akajidhania mgonjwa kwa sababu ya kuchoka tu. Akiambiwa kwamba "msongo wa mawazo ni jambo la kawaida", huenda aliye mgonjwa kweli akarudi kimya.

4.4 Unyanyapaa

Kikwazo kikubwa zaidi ni maneno yaliyokwisha kuchafuka. "Kichaa" na "mwendawazimu" humtoa mtu katika jamii ya wenye akili mara moja, bila daraja la kati. Majina ya hospitali nayo yamegeuzwa matusi: Mirembe nchini Tanzania, Mathari nchini Kenya, Butabika nchini Uganda na Ndera nchini Rwanda ni taasisi zinazotibu watu na kuwarudisha nyumbani, lakini katika utani wa kijiweni kumwambia mtu anafaa kupelekwa huko ni kumvua utu. Kibarua anayejua kwamba msimamizi atamtania kwa jina hilo mbele ya wenzake hatamwambia kwamba hajalala kwa siku nne. Atapanda jukwaani.

5.0 Sheria na Mikataba

Sheria hazikosi pa kuanzia. Mkataba wa ILO Na. 155 wa mwaka 1981 unaeleza kwamba afya kuhusiana na kazi si kutokuwa na maradhi tu, bali inajumuisha mambo ya kimwili na ya kiakili yanayohusiana moja kwa moja na usalama na usafi kazini. Mkataba huo huo unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu za msingi za kuamini hivyo. Mkataba Na. 167 wa mwaka 1988, unaohusu ujenzi hasa, unamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Mwezi Juni 2022, mazingira salama na yenye afya kazini yaliingizwa miongoni mwa haki za msingi za kazi za ILO, na mkataba Na. 155 ukawa miongoni mwa mikataba ya msingi.

Katika ngazi ya taifa zipo sheria za usalama na afya mahali pa kazi za Tanzania (2003), Uganda (2006) na Kenya (2007), pamoja na sheria za fidia. Hata hivyo, fidia ilizaliwa katika fikra ya viungo. Jedwali la sheria ya Kenya ya fidia ya mwaka 2007 hupanga ulemavu kwa asilimia kulingana na kiungo kilichopotea. Mpangilio huo ni rahisi kwa mkono na kidole. Kwa kiwewe ni mgumu, kwa kuwa huhitaji daktari anayeweza kukieleza na mgonjwa anayeweza kukitaja.

Lipo pia kovu la sheria ya jinai. Kanuni za adhabu zilizorithiwa kutoka utawala wa Waingereza zilihesabu jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinachohusu kosa hilo kinakiuka Katiba. Pale ambapo kosa hilo lingali katika vitabu, aliyefika ukingoni hukabiliwa na hofu mbili: ya ugonjwa wake na ya polisi. Mwajiri naye hushawishika kuficha tukio badala ya kujifunza kutokana nalo.

6.0 Kuziunganisha Sajili Tatu

Wataalamu wa usalama hupanga hatua za kudhibiti hatari kwa daraja: kwanza kuiondoa hatari, kisha kuipunguza kwa uhandisi na utaratibu, na mwisho kabisa kumvika mfanyakazi kinga. Daraja hilo linafaa pia kwa hatari za akili. Kumpa kibarua mihadhara ya kutuliza moyo huku mshahara wake ukicheleweshwa wiki tatu ni sawa na kumpa kofia ngumu chini ya jengo linaloporomoka. Hatua ya kwanza ya afya ya akili katika ujenzi ni kulipa kwa tarehe iliyoahidiwa, kuandika jina la kila aliyeingia getini, kuweka mapumziko, maji na vyoo, na kukomesha matusi. Lugha haiwezi kuchukua nafasi ya hayo.

Baada ya hayo ndipo lugha inapopata nafasi yake, hasa katika kikao kifupi cha usalama kinachofanyika asubuhi kabla ya kazi. Kikao hicho kwa kawaida hujaa amri. Linganisha kauli zifuatazo, zilizotungwa kwa ajili ya ufafanuzi:

(1) Kila mfanyakazi ahakikishe yuko timamu kiakili kabla ya kupanda.

(2) Mwenye tatizo la afya ya akili atoe taarifa ofisini.

(3) Ambaye hakulala vizuri, au ana mawazo mazito leo, aniambie pembeni. Tutampa kazi ya chini, na siku yake italipwa.

Kauli ya (1) inamtwisha mfanyakazi wajibu na inatumia neno "timamu", ambalo kinyume chake ni tusi. Kauli ya (2) inatumia istilahi sahihi, lakini inamtaka mtu ajitangaze kuwa mgonjwa na aende ofisini, mahali anapoogopa kufukuzwa. Kauli ya (3) inaanza na usingizi, jambo ambalo kila mtu hulitaja bila aibu, inatumia neno la mfanyakazi mwenyewe, inataja faragha, na zaidi ya yote inaahidi kwamba kusema ukweli hakutamkosesha chakula. Bila sentensi yake ya mwisho, kauli ya (3) ingekuwa mtego.

Hapa ipo hoja pinzani inayostahili kujibiwa. Huweza kusemwa kwamba msimamizi si daktari, na kwamba kumfanya aulize habari za moyo ni kumpa mamlaka mapya juu ya maisha ya watu. Hoja hiyo ina uzito. Kwa sababu hiyo kazi ya msimamizi iishie katika mambo matatu: kuuliza, kumwondoa mtu penye hatari, na kumwelekeza kwa mhudumu wa afya. Asipime, asiandike jina la ugonjwa, asisimulie. Inafaa pia pawepo mtu wa pili wa kuambiwa, asiyeandika orodha ya malipo: fundi mwenzake aliyefunzwa, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au mhudumu wa afya wa eneo hilo.

Kwa taasisi za Kiswahili kuna kazi tatu. Kwanza, kuafikiana kikanda juu ya istilahi chache za msingi, ili "msongo wa mawazo" na "sonona" visitumike kwa maana moja katika bango la Kampala na kwa maana nyingine katika mwongozo wa Dodoma. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ni mahali panapofaa. Pili, kuandaa maelezo mafupi yanayotoka kwenye neno la mfanyakazi kwenda kwenye istilahi na si kinyume chake, kwa mfano: mawazo yakikuondolea usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kazi kwa zaidi ya wiki mbili, huenda ni sonona, nayo inatibika. Tatu, kutafsiri mipango ya usalama yenyewe. Tanzania ilikwisha kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na rasmi. Hakuna tena kisingizio cha kumpa kibarua karatasi ya Kiingereza atie saini juu ya hatari asiyoweza kuisoma.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba afya ya akili ya mfanyakazi wa ujenzi si nyongeza ya suala la usalama, bali ni sehemu yake. Akili iliyolemewa huzaa ajali, ajali huilemea akili, na mazingira mabaya ya kazi huzaa yote mawili. Imeelezwa pia kwamba sajili ya amri, sajili ya tiba na sajili ya mfanyakazi zinapotengana, anayeumia hubaki bila neno linaloweza kumfikisha kwenye msaada. Kiswahili kina uwezo wa kuziunganisha, kwa sababu tayari kinazungumzwa katika ngazi zote za kazi hiyo na katika nchi zote za ukanda. Uwezo huo utakuwa na maana pale tu neno jema litakapofuatwa na tendo jema: mshahara unaolipwa kwa wakati, jukwaa lililofungwa barabara, na kibarua anayeweza kusema "leo sipandi" akashuka salama, akalipwa, na kesho yake akaitwa tena getini.